Chai ya Saa Kumi: Uhakiki wa Menyu Kongwe za Hoteli

Safu hii ya uhakiki imezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na diwani za ushairi. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuchambua matini ya aina nyingine, fupi kuliko tenzi na yenye wasomaji wengi kuliko riwaya nyingi, nayo ni menyu ya chai ya alasiri katika hoteli za zamani. Baadhi yenu mtauliza menyu imeingiaje katika jarida la idara ya Kiswahili. Swali hilo ni la haki, nasi tutajitahidi kulijibu.

Kwanza ipo sababu ya wakati. Siku hizi menyu kongwe za hoteli zimekuwa vitu vya kutafutwa. Watu huzikusanya, huzitia fremu na kuzitundika ukutani. Hoteli mpya nazo huiga sura yake, kuanzia karatasi ya rangi ya maziwa na herufi zinazofanana na mwandiko wa mkono hadi mchoro wa birika pembeni. Anayezisoma huvutiwa, nasi hatutajifanya kwamba hatuvutiwi. Hata hivyo, kazi ya mhakiki haiishii kwenye kuvutiwa. Anapaswa kuuliza mvuto huo umetengenezwa kwa nyenzo gani, na ni kitu gani kimeachwa nje ili upatikane. Hoja yetu kwa ufupi ni hii: menyu kongwe ya chai inapendeza kwa sababu imejaa nomino na haina vitenzi, na katika mji wetu wa Bujumbura, vitenzi vilivyokosekana kwenye karatasi vilikuwa vikisemwa kwa Kiswahili.

MENYU KAMA MATINI

Neno "menyu" asili yake ni Kifaransa, na Kifaransa kililitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichofanywa kidogo kidogo, yaani orodha iliyopambanuliwa kwa undani. (Wanafunzi wetu wasilichanganye na "kitu kidogo" kinachoombwa barabarani, ambacho nacho, kwa sadfa, huitwa "chai".) Menyu basi ni orodha, na orodha ni utanzu wenye kanuni zake. Ina mpangilio, ina msamiati wake, ina msomaji anayekusudiwa, na ina mambo ambayo kamwe haiyasemi. Kwa vigezo hivyo inastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote.

Wenzetu wa mbali walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1900 mwanamke mmoja aliyejulikana kwa jina la Frank E. Buttolph alianza kuikusanyia Maktaba ya Umma ya New York menyu za hoteli, za meli na za reli. Alipofariki mwaka 1924 alikuwa amekusanya zaidi ya 25,000. Mwaka 2011 maktaba hiyo iliwaomba watu wa kawaida waisaidie kuzinakili, chakula kwa chakula na bei kwa bei, ili watafiti waweze kuzipekua. Karatasi ambayo mhudumu angeitupa jioni ile ile imegeuka kuwa chanzo cha historia ya bei, ya ladha na ya lugha.

SAA NA JINA LAKE

Inasimuliwa kwamba desturi ya chai ya alasiri ilianza Uingereza katika miaka ya 1840, na sifa hupewa Anna wa Bedford, mwanamke wa tabaka la makabaila. Chakula cha mchana kililiwa mapema na cha usiku kikachelewa sana, hivyo bibi huyo akawa anaagiza chai na vitafunio katikati. Marafiki wakaiga, tabaka zima likaiga, na hatimaye hoteli zikaigeuza biashara. Hoteli ya Ritz ya London, iliyofunguliwa mwaka 1906, ilijenga sehemu ya sifa yake juu ya chai hiyo. Huku kwetu Afrika Mashariki, Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwezi Desemba 1904, na walowezi wakapata baraza ya kukalia na kunywea kama kwao.

Hapa mfasiri awe mwangalifu. Hoteli nyingi nje ya Uingereza huita chai hiyo "high tea", zikidhani neno hilo lina heshima zaidi. Kumbe kwa Waingereza wenyewe jina hilo lilikuwa la mlo wa jioni wa wafanyakazi, wenye nyama na mkate, uliolewa kwenye meza ya kawaida ya chakula. Chai ya makabaila ndiyo iliyonywewa kwenye vimeza vifupi, karibu na viti vya kupumzikia. Mwanafunzi atakayeandika "chai ya juu" atakuwa amekosea mara mbili, kwanza katika Kiswahili na pili katika historia.

Kwa Kiswahili tunayo majina mawili, na kila moja lina dunia yake. Tukisema "chai ya saa kumi" tunahesabu saa kama wahesabuvyo Waswahili, na kama wahesabuvyo Warundi pia, ingawa menyu ya Kifaransa iliyoko mezani inaandika 16 h. Tukisema "chai ya alasiri" tunatumia neno la Kiarabu ambalo kwanza ni jina la sala. Alasiri ya Buyenzi ina adhana, ina mazungumzo ya barazani, ina kahawa chungu katika vikombe vidogo na kashata pembeni. Alasiri ya Anna wa Bedford haikuwa na chochote kati ya hivyo. Vilevile tusisahau kwamba katika ofisi na shule nyingi za Afrika Mashariki chai yenye hadhi ya kitaifa ni ile ya saa nne asubuhi, ambayo hakuna hoteli iliyowahi kuichapia menyu ya kuwekwa fremu.

FANI: NOMINO BILA VITENZI

Tuitazame sasa fani ya menyu hizi. Menyu ya Kiingereza ya aina hii, tukiitia katika Kiswahili, husomeka hivi: sandwichi za tango, skonzi na jamu, keki ya matunda, chai ya Ceylon. Hiyo ni mistari minne isiyo na kitenzi hata kimoja. Hakuna aliyekata tango, hakuna aliyeoka, hakuna aliyechemsha maji. Vyakula vimejitokeza vyenyewe, kama umande. Msomaji hupumzika kwa sababu sarufi yenyewe imempumzisha. Kazi yote imeondolewa katika sentensi, na ilipoondolewa kazi, mfanyakazi naye akaondoka.

Sifa ya pili ni mpangilio. Menyu ya chai huanza na vitu vya chumvi, ikapita katikati kwenye mikate myepesi, ikaishia kwenye vitamu vizito. Huu ni msuko kamili, wenye mwanzo, kati na kilele. Kila chakula hupewa mstari wake peke yake, na pembeni huachwa nafasi tupu kubwa kuliko inayohitajika. Nafasi hiyo inafanya kazi ile ile ifanywayo na nafasi kati ya beti, yaani inamwambia msomaji kwamba hakuna haraka. Kwa mtazamo wetu, hapa ndipo palipo na mvuto wa kweli wa menyu hizi, na hatuoni sababu ya kuubeza. Binadamu anayepewa saa moja ya kukaa bila kuharakishwa amepewa kitu cha thamani. Waswahili wa barazani wanalijua hilo bila kufundishwa.

Sifa ya tatu ni majina ya mahali: Assam, Darjeeling, Ceylon. Majina haya hupendeza sikioni, lakini yamekwisha kukatwa kutoka kwenye ardhi yake. Nchi ya Ceylon ilibadili jina ikawa Sri Lanka mwaka 1972, ila chai yake bado inauzwa kwa jina la kale. Menyu haipendi kufuata mabadiliko ya siasa. Inapenda jina lililozoeleka mdomoni.

Udhaifu mkubwa wa fani hii ni kwamba inasema jambo lile lile kila mahali. Menyu ya Nairobi ingeweza kuhamishiwa Kalkuta au London bila mtu kugundua. Chukua mfano wa Treetops, ile hoteli ya juu ya mti katika msitu wa Aberdare nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1932. Ndiko alikokuwa Binti Mfalme Elizabeth usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki, na jengo lenyewe likachomwa moto mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau. Historia nzito namna hiyo ilipita hapo, lakini chai iliendelea kuwa ya Kiingereza. Mwenyeji pekee aliyejitokeza mezani bila kualikwa alikuwa nyani, maana nyani wa Treetops walisifika kwa kuwanyang'anya wageni keki zao. Yeye angalau alikuwa na kitenzi.

MENYU ZA USUMBURA

Turudi nyumbani. Kabla ya mwaka 1962 mji huu uliitwa Usumbura, nao ulikuwa makao makuu ya utawala wa Kibelgiji katika Ruanda-Urundi. Hoteli zake, kama vile Hoteli Paguidas iliyobeba jina la Kigiriki, zilihudumia maofisa, wafanyabiashara na wasafiri waliokuwa wakipita kwenda au kutoka Kongo. Wagiriki walikuwa na nafasi kubwa katika biashara ya mji.

Mwanafunzi akiletewa menyu kongwe ya hapa bila tarehe, anaweza kuikadiria umri kwa ushahidi wa ndani ya matini, jambo ambalo ni zoezi zuri la uhakiki. Kwanza aangalie jina la mji, Usumbura au Bujumbura. Pili aangalie sarafu. Hadi mwaka 1960 ilitumika faranga ya Kongo ya Kibelgiji. Kuanzia hapo hadi 1964 ikatumika faranga ya Rwanda na Burundi. Na kuanzia 1964 ni faranga ya Burundi. Menyu yenye jina la Bujumbura na bei za faranga ya Rwanda na Burundi haiwezi kuwa ya nje ya miaka miwili hivi. Ni riwaya chache zinazojitolea ushahidi wa wazi kiasi hicho.

Lugha yake ni Kifaransa, na desturi yake yenyewe ni ya kuazima. Mbelgiji wa kawaida alipofika saa kumi aliwaza kahawa na kipande cha tati ya matunda, na mtoto wake aliwaza kitafunio cha baada ya shule. Kwa hiyo menyu ya chai katika hoteli ya mtindo wa Kibelgiji ni tafsiri ya desturi ya Kiingereza, na ndani yake utakuta chai ya limau na chai ya maziwa zimekaa jirani na kahawa ya chujio, chokoleti ya moto na "gaufres". Kitu cha kuvutia zaidi ni kile kiitwacho "thé complet", yaani chai pamoja na mkate, siagi na jamu. Katika maneno mawili mteja anaahidiwa kwamba hatapungukiwa na chochote. Waswahili wanayo dhana hiyo kwa upande wa kinyume. Sisi husema "chai kavu" au "chai tupu", tukitaja kile ambacho hakipo.

Nani alikaa mezani? Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa na mitaa yao, Waasia na yao, na Waafrika waliwekwa katika mitaa kama Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza. Mwafrika aliingia hotelini kwa mlango wa jikoni. Lugha iliyomuunganisha mpishi wa Kirundi, mhudumu aliyetoka Kongo, dereva aliyetoka Kigoma na bwana wa Kizungu ilikuwa, mara nyingi, Kiswahili. Walowezi wa Kenya walijitengenezea Kiswahili chao cha kuamrisha kilichoitwa Kisetla, ambacho karibu chote kilikuwa vitenzi vya amri, kama leta, osha na ngoja. Huku kwetu hali haikuwa mbali na hiyo. Nomino ziliandikwa kwa Kifaransa juu ya karatasi nzuri. Vitenzi vilisemwa kwa Kiswahili, na havikuandikwa popote. Tunapoisifia menyu hiyo leo kwa utulivu wake, tukumbuke kwamba utulivu wa karatasi ulinunuliwa kwa amri zilizotolewa nyuma ya mlango.

Wala meza za hoteli hazikuwa nje ya historia ya taifa. Chama cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, na kiongozi wake, Mwanamfalme Louis Rwagasore, akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi akiwa mezani katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Aliyefyatua risasi alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis. Miaka michache tu nyuma, Mrundi kuketi katika meza kama hiyo akiwa mwenyeji lingekuwa jambo la ajabu. Kwa msomaji wa Bujumbura, menyu ya mwaka 1961 haiwezi kamwe kuwa pambo tu la ukutani.

MANENO YALIYOKWISHA KUKAA MEZANI

Pamoja na hayo yote, Kiswahili hakikubaki jikoni. Sikilizeni Kirundi cha kila siku: icayi, isukari, umukate, imeza, isahani, igikombe, isambusa, ibitumbura. Maneno haya yana ndugu zake katika Kiswahili, na sehemu kubwa yalifika pamoja na misafara, masoko na mitaa ya Waswahili. Baadhi Kiswahili nacho kiliyaazima kwingine. Meza ilitoka kwa Wareno. Sahani na sukari zilitoka kwa Waarabu. Lililo muhimu ni kwamba mteja wa Kifaransa aliyesoma "table" na "sucre" alikuwa ameketi kwenye kitu ambacho kila aliyemhudumia alikiita meza, akikoroga kitu ambacho kila aliyemhudumia alikiita sukari.

Hata jina la kinywaji lenyewe lina kisa. Lugha za dunia zimegawanyika makundi mawili makubwa. Yapo mataifa yaliyopokea jani hili kwa njia ya nchi kavu, kupitia Uajemi na Bara Hindi, na hayo husema chai au neno linalofanana nalo. Yapo yaliyolipokea kwa meli za Waholanzi kutoka pwani ya kusini ya China, na hayo husema thé, tea na mengineyo. Katika meza moja ya hoteli ya Usumbura karatasi ilisema thé na mhudumu alisema chai. Njia mbili za jani lile lile, baada ya kuizunguka dunia, zikakutana kando ya Ziwa Tanganyika. Sisi walimu wa lugha tungependa mfano gani bora kuliko huo wa kufundishia ukopaji wa maneno?

MAJANI YETU HAYAMO

Kuna ukimya mwingine katika menyu hizi. Wabelgiji waliwalazimisha Warundi kulima kahawa kuanzia miaka ya 1930, kwa ajili ya kuuza nje. Chai ya biashara kubwa ilifuata baadaye. Ofisi ya Chai ya Burundi, OTB, iliundwa mwaka 1971, na viwanda vyake vitano ni Teza, Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro. Chai inayotoka huko inasifiwa kwa ubora, kwani inalimwa milimani penye baridi na mvua. Sehemu kubwa huuzwa nje, nyingi yake kupitia mnada wa Mombasa, na huko huchanganywa na chai za mahali pengine hadi jina lake likapotea.

Jaribuni sasa kuyatamka majina hayo matano kwa sauti: Teza, Rwegura, Tora, Ijenda, Buhoro. Tunathubutu kusema kwamba yanapendeza sikioni kama Assam na Darjeeling. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaandika kwenye karatasi nzuri na kuyaachia nafasi pembeni. Wenzetu wa Kericho, Kenya, walau wana Hoteli ya Chai, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950 katikati ya mashamba yenyewe, hata kama iliyojenga ilikuwa kampuni ya kigeni.

Tuongeze mfano mmoja wa siku hizi. Ukiingia mgahawani Kampala au Kigali utakuta menyu ya Kiingereza yenye "African tea". Maana yake ni chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja, mara nyingi na tangawizi. Yaani kinywaji cha kawaida kabisa cha mwenyeji kimepewa jina la bara zima, kana kwamba mwenyeji ndiye mgeni. Chai iliyotengwa na maziwa yake haiitwi "ya Kizungu". Inaitwa chai tu. Menyu hapa inatufundisha nani anahesabiwa kuwa wa kawaida na nani anahitaji kivumishi.

UBAO WA MGAHAWA

Kwa upande wa pili ipo menyu ambayo haikuwahi kutiwa fremu, nayo ni ubao au ukuta wa mgahawa wa Kiswahili, katika Buyenzi au Bwiza kama ilivyo Kigoma au Mombasa. Neno lenyewe, mkahawa au mgahawa, limetokana na kahawa, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mgahawa huo mdogo huitwa pia "hoteli", ingawa hauna kitanda hata kimoja. Huko utasoma chai ya rangi, chai ya maziwa, maandazi, chapati, sambusa, maharage. Kufikia hapo ni nomino vilevile. Lakini inua macho kidogo utakuta maandishi mengine: "Nawa mikono." "Lipa kwanza." "Kukopa harusi, kulipa matanga." Vitenzi vimejaa ukuta mzima! Mgahawa haumfichi mteja kwamba kula ni shughuli ya watu wawili, mmoja anayepika na mmoja anayelipa, na kwamba wote wawili wana wajibu.

Tusiufanye ubao huo kuwa mtakatifu. Tahajia yake mara nyingi ni ya kubahatisha, bei hufutwa na kuandikwa upya mpaka hazisomeki, na hakuna anayejali kumweleza mgeni andazi la leo lina iliki au halina. Mwandishi wa ubao anadhani kila msomaji ni jirani. Mwandishi wa menyu ya hoteli anadhani kila msomaji ni mgeni, kwa hiyo anachukua taabu ya kumshawishi. Taabu hiyo ndiyo tunayoweza kujifunza kwake. Kila upande una kitu ambacho mwenzake amekikosa, maana hoteli ina adabu ya kueleza na mgahawa una ukweli wa kutenda.

TAFSIRI NA KAZI YA IDARA

Sasa tuseme jambo lililotusukuma kuandika. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Wageni kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bukavu hufika katika mji huu, na wengi wao lugha inayowaunganisha na mhudumu ni Kiswahili. Hata hivyo, katika hoteli za hadhi menyu huandikwa kwa Kifaransa, na siku hizi kwa Kiingereza. Kiswahili utakikuta katika neno moja juu ya mlango, "Karibu", na pengine "Asante" chini ya risiti. Kimesimamishwa mlangoni kumlaki mgeni, lakini hakijapewa kiti mezani. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa namna hii atapona vipi ikiwa lugha yake haijui jina la kile anachokiuza?

Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya biashara, wala si ya chuo kikuu. Hatukubaliani naye. Lugha inayofundishwa kwa ngeli na viambishi tu, bila kuwezeshwa kuandika karatasi ya chakula, itabaki lugha ya mitihani. Wahitimu wetu wengine watafanya kazi hotelini, wengine watafasiri, na wengine watafundisha watakaofanya hayo. Tena tafsiri ya menyu ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. "Scone" ya Kiingereza ilikwisha kuingia Tanzania ikawa "skonzi", lakini skonzi ya dukani ni mkate mdogo laini, tofauti kabisa na ile ya Uingereza inayopasuliwa na kupakwa jamu. Tukitumia neno hilo bila maelezo, mteja ataletewa kitu asichokitarajia. "Thé complet" tukiiita "chai kamili" tutaeleweka, ila tutaje ukamilifu wake ni wa nini. "Jamu ya marakuja" itaeleweka Bujumbura. Mgeni wa Dar es Salaam atasubiri aambiwe kwamba ni pasheni.

Kwa hiyo tunapendekeza menyu ya chai ya saa kumi iandikwe kwa Kiswahili, ikiwa na adabu ya hoteli na ukweli wa mgahawa. Tunatoa mfano mdogo, ambao wasomaji wanaruhusiwa kuukosoa:

Chai ya rangi ya Teza, inaletwa kwenye birika, maji yakiwa yamechemka sasa hivi.
Chai ya maziwa ya Ijenda, tumeichemsha na tangawizi.
Chai kamili: chai uipendayo, mkate tuliooka asubuhi, siagi na jamu ya marakuja.
Maandazi ya iliki, tunayakaanga hapa hapa kila siku baada ya saa tisa.
Vitumbua vya mchele, mpishi wetu huvimimina kimoja kimoja; tafadhali subiri kidogo.

Mtaona kwamba vitenzi vimerudi, na mtu wa jikoni amerudi pamoja navyo. Mvuto haukupungua kwa hilo. Tunaamini umeongezeka, maana mteja anayejua kwamba kitumbua chake kinamiminwa na mtu atakubali kusubiri, na kusubiri bila kukasirika ndiyo maana halisi ya chai ya alasiri.

HITIMISHO NA ZOEZI

Menyu kongwe basi zisitupwe wala zisiabudiwe. Zihifadhiwe, zisomwe na kufundishwa, kwa sababu zinatuonyesha jinsi karatasi moja inavyoweza kupendeza na kunyamaza kwa wakati mmoja. Uzuri wa mpangilio wake tuuchukue, ila tusiuchukue ukimya wake.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu tunaacha zoezi lenye sehemu tatu. Kwanza, tafuteni menyu moja ya zamani au ya sasa kutoka mji wowote wa Afrika Mashariki, mhesabu nomino, vivumishi na vitenzi vyake, kisha mweleze matokeo. Pili, nendeni katika mgahawa mmoja, mnakili kwa uaminifu maandishi yote ya ukutani pamoja na tahajia yake, mkiwa mmeomba ruhusa ya mwenye mgahawa. Tatu, andikeni kwa Kiswahili menyu ya chai ya saa kumi yenye mistari isiyozidi kumi, itakayoeleweka kwa Mrundi, Mtanzania, Mkenya na Mkongomani bila kuhitaji mkalimani. Kazi zitakazofaa zitachapishwa katika toleo lijalo la jarida hili.

Walimu nao wanakaribishwa kutuletea maneno ya mezani yanayotumika katika mitaa yao. Orodha hiyo tukiipata, tutakuwa tumeanza kuikusanya menyu yetu wenyewe.